Nisomee usanifu wa bidhaa, au nimsikilize baba?

Swali: Kamwene mama, na shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, niko nyumbani Mafinga. Tangu utotoni napenda kuchora vitu: viti, majiko, taa, hata bodi za bajaji. Mwaka jana ndipo nilipojua kwamba kuna watu wanaoishi kwa kusanifu bidhaa za viwandani, na tangu hapo sifikirii kingine. Baba ni mfanyabiashara wa mbao na anataka nisome uhandisi ujenzi. Anasema hiyo ninayoitaka ni kazi isiyo na jina, hajawahi kuona tangazo lake. Je, ni kweli? Na nitajuaje kama inanifaa? Wenzangu nao wanasema akili mnemba itachora kila kitu, nisijisumbue.

Jibu: Kamwene mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilicheka peke yangu, maana marehemu baba yangu aliniambia hivyohivyo nilipokuwa na umri wako, ila yeye alitaka niwe muuguzi.

Nianze na mzee, kwa sababu hajakosea. Nimekula kwa kazi hii hapa Mbeya zaidi ya miaka ishirini, na sijaona hata siku moja tangazo lililobandikwa mjini likisema anatafutwa msanifu wa bidhaa. Leseni yangu ya biashara inasema karakana ya vyuma. Majirani hapa Iyunga wananiita fundi. Wateja wageni wakiingia hunipita pale mlangoni, wakaenda kumuuliza kijana mwenye grenda, "Fundi yuko wapi?" na kijana huwaonyesha kwa kidevu. Basi ukitaka kazi ambayo jina lake likitajwa kwenye kikao cha harusi watu wanakaa vizuri kwenye viti, hii siyo. Lakini kazi yenyewe ipo. Ndoo uliyochotea maji asubuhi, mfuniko wa chupa ya chai, kitasa cha mlango wenu, mtu fulani alikaa akaamua viwe hivyo vilivyo. Mara nyingi mtu huyo hajawahi kufika Mafinga, na inaonekana.

Hilo la kupenda kuchora liweke pembeni kidogo. Karibu kila anayeniuliza huanza nalo, nami humwambia akachukue kiti cha plastiki, vile vya kukodi kwenye misiba na harusi, akipindue. Fanya hivyo sasa. Shika mguu wake. Utaona haukujaa, ni ukuta mwembamba uliokunjwa kama kona, mgongo nje, uwazi ndani. Pitisha kidole: unene ni karibu uleule toka juu mpaka chini, milimita chache tu. Chini ya kalio kuna mbavu. Miguu imetanuka kwenda nje, na hakuna ukuta hata mmoja uliosimama wima kabisa.

Kila kimoja kina sababu yake. Kiti hicho kimezaliwa kwa pigo moja: plastiki ya polipropilini inayeyushwa kwenye joto la kama nyuzi 220, inasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, inapoa, inatolewa. Mguu ungejazwa, katikati pangechelewa kupoa na uso wake ungebonyea, na kiwanda kingelipia plastiki na sekunde za bure. Kuta zingesimama wima, kiti kingeng'ang'ania ndani ya kalibu. Na mlalo uleule unaokifanya kitoke ndio unaowezesha viti 20 kupandana kimoja juu ya kingine kwenye kirikuu. Mfaransa Henry Massonnet alipotoa kiti chake, Fauteuil 300, mwaka 1972, kilitengenezwa kwa chini ya dakika mbili, na ndugu zake leo wametapakaa dunia nzima. Ila kalibu ya kiti kama hicho hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Aliyekosea mchoro kwa milimita mbili amechezea pesa za watu.

Hiyo ndiyo kazi, na mchoro ndani yake ni lugha tu, kama vile kujua Kiingereza kusivyokufanya mwanasheria. Ikiwa dakika kumi zimepita na bado unakipapasa kile kiti, endelea kusoma. Ikiwa umeona ni kiti tu, basi jibu umeshalipata wala hakuna aibu.

Sasa nikwambie mimi nilivyofundishwa. Miaka yangu ya mwanzo nilisanifu mashine ya kupukuchua mahindi, ya kuzungusha kwa mkono. Ilikuwa nzuri, nakuapia. Niliipaka rangi ya kijani. Nikaipeleka Mbozi kwa kikundi cha akina mama, nikawaonyesha, wakapiga vigelegele, nikarudi zangu. Nilipokwenda tena baada ya miezi minne niliikuta imesukumwa ukutani, kuku wanalala juu yake.

Nikaomba wanionyeshe wanavyoitumia. Akaja mama mmoja, mtoto mgongoni. Mdomo wa kumiminia mahindi nilikuwa nimeupima kwa mwili wangu, nami ni mrefu, tena siku ile ya kupima nilivaa viatu vya karakana. Yeye ilimbidi apande juu ya tofali. Ili azungushe mpini aligeuka ubavu, na alipogeuka, tundu la kutolea pumba likawa limeelekea mgongoni kwake, usawa uleule wa uso wa mtoto. Mtoto akakohoa, mama akaacha. Halafu bolti. Nilikuwa nimetumia saizi tatu, za spana 10, 13 na 17, kwa kuwa karakanani kwangu spana zote zimetundikwa ukutani. Pale kijijini spana ya kuazimana ilikuwa moja, namba 17, ya kukazia majembe ya maksai. Bolti ndogo zilizolegea na kupotea zilikuwa zimefidiwa kwa binding waya, na mahali pamoja wamechomeka msumari.

Nilirudi Mbeya nimenuna. Siku tatu nzima nilikuwa nawaambia watu kwamba akina mama wale hawajui kutunza mashine. Siku ya nne nikachukua tepu nikaanza upya. Mdomo ukashuka, pumba zikaelekezwa chini, bolti zote zikawa za spana 17. Mashine ya pili nayo ilikuwa na lake: mpini uliwatoa malengelenge. Ya tatu ikakaa. Rangi ya kijani hakuna aliyewahi kuitaja.

Swali lako la "nitajuaje kama inanifaa" linajibiwa hapo, kwenye zile siku tatu. Kununa kila mmoja wetu hununa, kwa sababu kitu ulichokilea miezi sita kinakataliwa na mtu ambaye hata hajui kwamba amekikataa. Yeye ameacha tu kukitumia. Wapo wasiotoka kwenye hiyo nuna maisha yao yote. Hao nimewaona, wana mikono mizuri ajabu, na ningewashauri wachore picha, maana picha haina mtumiaji wa kuifunga kwa binding waya. Na wapo ambao wakiuona ule msumari uliochomekwa, chini ya hasira yao kinaamka kitu kingine: kumbe, kwa hiyo hapa wanahitaji nini? Ukiwa wa namna hiyo, shule yoyote itakufaa. Usipokuwa, hata shule bora duniani itakupa cheti tu.

Kuna jambo jingine ambalo huwa linasemwa kwa haraka mno. Mara nyingi tatizo halimo ndani ya kitu. Umeshaona lumbesa za viazi zinazoshuka kutoka Umalila au Isyonje, gunia limevishwa kilemba cha kamba na majani mpaka linampita mpakiaji kimo. Kijana mmoja aliyekuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo aliniletea mchoro wa gunia jipya, lenye mishikio minne na mdomo wa zipu. Gunia zuri. Nikamtuma sokoni Mwanjelwa akaulize nani anaipenda lumbesa na kwa nini. Alirudi jioni, kimya. Pale ambapo mnunuzi anahesabu gunia badala ya kilo, na ushuru na nauli navyo vinakwenda kwa gunia, kila kiazi kinachoongezwa juu ya mshono ni faida ya mtu fulani. Sheria inakataza, Wakala wa Vipimo wanapita, lumbesa bado ipo. Lile gunia lake la zipu lingevishwa kilemba wiki hiyohiyo. Kilichohitaji kusanifiwa ni mizani, au tuseme mahali pa kuiweka na mtu wa kuiamini, na hicho hukichori kwa penseli.

Wala usidhani ni lazima uvuke bahari ndipo uone usanifu. Siku ukipata nauli, shuka Kyela mpaka Matema, uende soko la Lyulilo utazame vyungu vya akina mama wa Kikisi vikishushwa kutoka kwenye mitumbwi ya Ikombe. Kitako cha mviringo kinatulia kwenye mafiga matatu hata mawe yakipishana kimo, na kwa kuwa hakina kona, moto haupati pa kuanzia kukipasua. Jiko la mkaa lenye bitana ya udongo, lile lenye kiuno kama nyigu, lilianza kusambaa Kenya miaka ya 1980: walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand wakaligeuza mpaka likakubaliana na bati, udongo na nyundo za mafundi wao. Afrika Kusini mwaka 1993 walitoa pipa la maji lenye tundu katikati, la lita 50, ambalo unapitisha kamba na kulivuta likibiringika. Limesifiwa dunia nzima. Bei ikalikwamisha, na mimi naongeza: livute kwenye njia ya Umalila mwezi wa Machi, kisha uje unisimulie.

Shule sasa. Hapa nitapita upesi, kwa sababu mambo ya vyuo hubadilika na utayahakikisha mwenyewe kwenye mwongozo wa TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu. Shahada ya usanifu wa aina hii utaipata kwa majirani: Makerere, kwenye shule yao ya Margaret Trowell, Kyambogo palepale Kampala, na Chuo Kikuu cha Nairobi. Mbali zaidi kuna Cape Peninsula kule Cape Town, NID, taasisi ya usanifu ya Ahmedabad nchini India iliyoanza mwaka 1961, na Delft nchini Uholanzi. Safari hizo usizipange kwa kutegemea Bodi ya Mikopo. Tafuta ufadhili kwanza, na ujue kwamba cheti cha nje kitahitaji kutambuliwa na TCU ukirudi. Pasipo ufadhili, mimi nisingependa kusikia baba yako ameuza shamba la miti kwa ajili hiyo.

Ninachokushauri ni uhandisi mitambo, hapahapa nchini. MUST, chuo kikuu chetu cha sayansi na teknolojia, wako hapa Iyunga; Dar es Salaam kuna taasisi ya teknolojia, DIT, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mitambo, siyo ujenzi. Ujenzi ni kazi ya heshima na ina mkate, lakini utakaa miaka na zege, udongo na barabara wakati moyo wako uko kwenye vitu vya kushikwa mkononi. Mitambo itakupa metali na plastiki, itakupa viungo vya mashine, michoro ya kiwandani, na namna vitu vinavyotengenezwa. Ila namna ya kumtazama mtu akitumia kitu, mitambo haitakufundisha. Hilo nitakueleza mwishoni pa kuanzia. Halafu ukimaliza unajisajili kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mzee anapata la kuwaambia wenzake: mwanangu ni mhandisi. Usilidharau hilo. Wapo mabinti wawili waliokuja kwangu kujifunza, wenye uwezo, wakakatishwa njiani kwa sababu tu nyumbani hakuna aliyeweza kuwaeleza majirani wanafanya nini mjini.

Kama roho yako iko zaidi kwenye mbao, na kwa mtoto wa Mafinga nisingeshangaa, kuna Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, kule Moshi, na Chuo Kikuu Ardhi wanafundisha usanifu wa ndani ya majengo. Mna Sao Hill mlangoni, mna viwanda vya plaiwudi, na bado mbao nyingi zinaondoka na Fuso zikiwa mbao tu. Hapo mwulize baba yako, anajua kuliko mimi zinakoishia na nani anakula faida.

Miezi hii ya kusubiri, ukishamalizana na JKT, nenda VETA Iringa ukaulizie kozi fupi ya kuchomelea. Chuma kikichomewa upande mmoja hujikunja kuelekea kwenye moto, na mtu asiyewahi kukiona kikijikunja huchora vitu ambavyo fundi atavicheka mbele yake. Programu za kuchorea zisikutishe, Blender ni ya bure na vijana wanajifunza kwa video za intaneti. Mkono ndio unaochelewa kujifunza.

Pesa nisikufiche. Theluthi mbili ya mapato yangu bado ni mageti, madirisha na madawati. Kazi za usanifu hasa huja kwa msimu: mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Usangu anataka njia ya kupandisha magunia bila kuvunja migongo ya watu, wachumaji wa parachichi Rungwe wanataka ngazi isiyoteleza kwenye mteremko, msindikaji wa asali anataka kifungashio kisichovuja kwenye basi. Mteja wa huku hapendi kulipia mawazo, anapenda kulipia chuma, kwa hiyo mawazo nayafunga ndani ya bei ya chuma. Na kitu kikishapendwa, wiki ya pili fundi wa mtaa wa jirani anacho, tena kwa bei ya chini. Zamani nilikuwa nagombana. Siku hizi nauza vipuri na ninarudi kukagua baada ya mavuno. Aliyeiga umbo hajui kwa nini lile tundu liko pale, kwa hiyo likileta shida wananipigia simu mimi.

Akili mnemba itakuchorea mashine mia za kupukuchua kabla chai yako haijapoa, na nyingine zitakuwa nzuri kuliko yangu ya kijani. Itumie. Ila kwa mashine yangu ile ingeuliza nini? Mimi mwenyewe sikujua kwamba kuna mtoto mgongoni mpaka nilipomsikia akikohoa.

Sasa lile la mwishoni. Pale kwa baba yako kuna vijana wanaopakia mbao. Mwombe ruhusa ukae nao siku tatu, mwambie unahesabu kitu. Usichore. Tazama bega. Wengi hukunja gunia au fulana kuukuu wakaiweka chini ya mbao. Angalia inateleza lini, wakati wa kuinua, wa kugeuka, au wa kupandisha kwenye Fuso, na uhesabu mara ngapi kwa safari moja mtu anairudisha kwa mkono. Angalia nani hatumii kabisa, umuulize kwa nini. Kisha utengeneze pedi ya bega ya kwanza, ya maboksi na matambara, umpe mmoja wao, ufunge mdomo. Usimweleze inavaliwaje. Akiivaa kinyume, andika. Akiivua baada ya safari mbili, andika alisema nini alipoivua. Tengeneza ya pili, tengeneza ya tatu, na mmojawapo wa kuijaribu awe baba yako. Mpe ubao wa mbili kwa sita wa futi 12 atembee nao.

Ukifika kwenye ya tatu ukaona umechoka na watu hawa na mabega yao, kasome ujenzi kwa moyo mweupe. Ukijikuta usiku wa manane unashona ya nne kwa sindano ya magunia, niandikie, lakini michoro usinitumie. Nitumie ile pedi ya kwanza, mbovu, pamoja na karatasi ya maneno ya kijana aliyeikataa. Mabasi yanapita hapo Mafinga kila siku kuja huku. Mpe kondakta, nitaifuata stendi.